Mshika Faili: Kumwuguza Mgonjwa wa Saratani Ukiwa Kitengela

Katika kila familia yenye mgonjwa wa saratani kuna mtu mmoja anayebeba ile bahasha kubwa ya kaki. Hakuchaguliwa. Siku daktari alipotoa majibu, yeye ndiye aliyekuwa ameketi karibu na meza, akapewa makaratasi ayashike, na tangu hapo hajayaweka chini. Mwongozo huu ni wake. Mgonjwa ana daktari na muuguzi wa kumwelekeza, lakini mshika faili wa Kitengela, Isinya au Kajiado mjini hana mtu wa kumweleza kazi yake ni ipi.

Mimi nilimshikia shangazi yangu faili kwa mwaka na nusu. Nilianza nikidhani kwamba kazi ni kumsindikiza tu. Baadaye nikaona kuwa wagonjwa wetu wengi hupotelea njiani: kati ya dawati na dawati, kati ya hospitali iliyoandika rufaa na hospitali inayotakiwa kuipokea. Wiki tatu wakisubiri majibu, wiki mbili wakitafuta nauli, mwezi mzima wakichangisha. Uvimbe hausubiri pamoja nao. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000, na mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki ya saratani atakuambia sababu mojawapo: watu hufika wamechelewa. Kuziokoa hizo wiki ndiyo kazi yako.

Karatasi moja kabla ya zote

Saratani haithibitishwi kwa kutazamwa, wala kwa picha peke yake. Kwa uvimbe wa aina nyingi, hutolewa kinyama kidogo, kikachunguzwa maabara kwa darubini, na majibu yake ndiyo ripoti ya patholojia. Karatasi hiyo ndiyo mama wa faili. Inasema saratani ni ya aina gani, na kwa saratani ya titi hutakiwa kipimo cha ziada kinachoonyesha kama uvimbe unachochewa na homoni au ni wa aina ya HER2. Bila majibu hayo daktari hawezi kupanga dawa sawasawa, na mtu akitaka kumwanzishia mgonjwa wako kemo kabla ya ripoti kutoka, muulize kwa adabu anaanzia wapi.

Ulizia pia kile kipande chenyewe. Maabara huhifadhi kinyama kikiwa kimegandishwa ndani ya nta, na kinaweza kutolewa kikapelekwa maabara nyingine kwa vipimo zaidi au kwa maoni ya pili. Sisi hatukulijua hilo. Shangazi alitolewa kinyama mara mbili, mara ya pili bila sababu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza cha kwanza kiko wapi.

Nunua faili ya plastiki yenye mifuko. Mbele weka nakala ya kitambulisho, ripoti ya patholojia na barua ya rufaa. Nyuma yake panga vipimo vya damu na picha kwa tarehe, cha karibuni kikiwa juu. Weka na daftari dogo la kuandika kila daktari alichosema, jina la dawa, tarehe ya kurudi. Kila karatasi mpya ipige picha kwa simu kabla hamjatoka nje ya geti, kwa sababu kwenye matatu husahauliwa vitu, na mvua ya Kitengela ikinyesha huwa haina mchezo.

Kama bado hamjafika huko, na mgonjwa ana dalili tu, anzieni karibu: kituo cha afya, hospitali ya Kitengela, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Titi lenye kijiwe, damu ukeni baada ya kukoma hedhi au baada ya kujamiiana, choo chenye damu, mzee anayeamka usiku mara tano kukojoa. Kuna na ile ambayo huku kwetu hupuuzwa mno: chakula kinachokwama kooni. Huanza na nyama, ikafuata ugali, mwisho hata uji haupiti. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua watu wengi Kenya. Mwaka 2016 shirika lilelile la utafiti la WHO lilitangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo, nasi tunajua chai ya maziwa hunywewaje kwenye baridi ya asubuhi Kajiado: moja kwa moja kutoka sufuriani. Acha ipoe dakika chache.

SHA, na masharti yake

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena. Bima ya afya ya serikali sasa ni ya SHA. Usajili hufanyika kwa simu kupitia *147#, na ukishindwa, Huduma Centre au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwenu atakusaidia. Kujisajili pekee kunakupa huduma za zahanati na kituo cha afya. Matibabu ya saratani hufanyika hospitali za juu, na huko ni lazima mchango uwe umelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na ajira rasmi huulizwa maswali kuhusu nyumba, mifugo na mapato, kisha hupangiwa kiasi chake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipa cha mwaka mzima. Kiasi hicho kikiwa kizito, ulizia mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Kosa ninaloliona sana ni la wazazi. Mtu ana kazi nzuri, analipa SHA kila mwezi, anadhani mama yake yumo. Hayumo. Bima ya familia ni ya mume, mke na watoto. Mzazi hujisajili kama kaya yake mwenyewe na kulipiwa mchango wake. Jambo hilo linaudhi siku ya kwanza, lakini lina faida: kikomo cha saratani huhesabiwa kwa kaya, kwa hiyo mama ana fungu lake lisilogawanywa na wajukuu. SHA ilipoanza, fungu hilo lilikuwa shilingi 400,000 kwa mwaka, pamoja na 150,000 kutoka kwenye mfuko wa magonjwa sugu likiisha la kwanza. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo kabla ya kila awamu ya matibabu pita dawati la SHA hospitalini uulize mambo mawili: leo kikomo ni kiasi gani, na tumebakiwa na ngapi. Andika jibu kwenye daftari pamoja na tarehe.

Kemo na mionzi huhitaji idhini ya SHA kabla ya kuanza. Hospitali ndiyo huomba, daktari ndiye hujaza. Yako ni kuhakikisha imeombwa siku kadhaa kabla, maana kufika asubuhi ya kemo na kuambiwa idhini haijatoka ni kupoteza siku, nauli na moyo wa mgonjwa. Hakikisha pia majina ya kwenye SHA yanafanana na ya kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Kuna jambo la vidole ambalo wachache hulisema. Siku hizi SHA humtambua mgonjwa kwa alama za vidole. Dawa ya kapesitabini, vidonge wanavyopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya titi na ya utumbo mpana, huchubua viganja na nyayo, na kwa wengine hufuta kabisa alama za vidole. Mashine ikimkataa mgonjwa wako, msipelekwe huku na huku kama wadanganyifu. Onyesha jina la dawa kwenye faili, uombe utambulisho wa njia nyingine.

Na kama patholojia inasema HER2 chanya, taja jina Herceptin kliniki na kwenye dawati la SHA. Mwaka 2025 serikali ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche ili wagonjwa walio chini ya SHA waipate dawa hiyo bila kulipa kutoka mfukoni, katika hospitali zilizoteuliwa. Kabla ya hapo sindano moja ilikuwa inauza ng'ombe.

Nairobi au Machakos?

Mkazi wa Kitengela ana bahati ambayo mtu wa Loitokitok hana: Hospitali ya Kenyatta iko umbali wa kilomita thelathini na kitu. Kwa sababu hiyo wote hukimbilia huko, na foleni ni ndefu. Yafaa ujue kwamba kuna njia nyingine. Hospitali ya Machakos Level 5 hutoa kemo, na kutoka Kitengela unapitia Athi River bila kuigusa Nairobi. Mgonjwa ambaye mpango wake umekwisha kuandikwa na anahitaji tu kuendelea na kemo anaweza kumuuliza daktari wake kama atahamishiwa huko. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile ya KUTRRH, ina mionzi na kipimo cha PET ambacho zamani watu walikifuata India. Kutoka kwetu njia nyepesi ni Eastern Bypass, usiingie mjini.

Mionzi ndiyo inayowachosha watu wa kwetu. Mtu "anachomwa" dakika chache tu, lakini kila siku ya kazi, pengine kwa wiki tano. Piga hesabu mapema. Tuseme safari moja ni shilingi 200 kwa mtu, matatu mbili kwa pamoja. Mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, ni 800 kwa siku. Kwa siku 25 ni 20,000, na SHA hailipi nauli. Humo sijatia chai wala siku ambayo mgonjwa hana nguvu ya kupanda matatu mkaita teksi. Kwa hesabu hiyo, jamaa mwenye kitanda cha ziada South B au Kibera kwa wiki tano ana thamani zaidi kuliko yule anayetuma elfu mbili na maneno ya pole. Mwambieni hivyo bila haya. Mkikatiza mionzi katikati kwa kukosa nauli, tiba hupungua nguvu. Ni heri kuchelewa kuanza wiki moja mkiwa mmejipanga kuliko kuanza na kuacha.

Kwa kemo, damu hupimwa kabla. Ukipata ruhusa ya daktari, ipimwe siku moja au mbili mapema huku Kitengela, mwende na majibu mkononi. Chembe zikiwa chini, mtaambiwa mrudi wiki ijayo, na afadhali kuambiwa hivyo kwa simu kuliko mkiwa mmeshafika baada ya foleni ya magari ya Mlolongo.

Chumba cha daktari

Fika na maswali yaliyoandikwa, matatu tu, la maana zaidi likiwa la kwanza. Lengo la tiba hii ni kuponya au ni kumpa nafuu na muda? Itachukua miezi mingapi? Nikiona nini nimlete usiku huohuo? Daktari mwenye wagonjwa hamsini nje hatakaa kukuhadithia, lakini akiulizwa swali lililonyooka mara nyingi hulijibu.

Kajiado ina jambo lake la lugha. Mama mzee kutoka Mashuuru au Ilbisil anasemeshwa kwa Kiingereza, anajibu kwa Kimaa, na wewe mjukuu uko katikati. Kishawishi ni kuchuja. Daktari akisema neno zito, wewe unalipeleka likiwa limepunguzwa. Mama akisema haumwi kwa kuwa anaona haya kuitaja sehemu, unaacha hivyo hivyo. Usifanye. Ikiwa ni ugonjwa wa uzazi na wewe ni mwanamume, omba muuguzi mwanamke anayejua Kimaa awepo. Na mgonjwa aambiwe ugonjwa wake. Najua wazee husema kumwambia ni kumvunja. Shangazi tulimficha wiki sita, na siku alipojua alisema kilichomuuma ni wanawe kunong'ona jikoni.

Siku za kemo nyumbani

Nunua kipimajoto kwenye duka la dawa leo. Kwa kawaida chembe za kinga huwa chini zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa, na homa ya nyuzi 38 siku hizo ni dharura. Usimpe paracetamol mkasubiri asubuhi. Mpeleke hospitali iliyo karibu usiku huo, mtaje kemo mlangoni kabla ya kutaja homa, mwonyeshe faili. Homa ya namna hiyo huua haraka, na huua watu ambao saratani yao ilikuwa inapona.

Maji ya kununua kwa mikokoteni na ya visima yachemshwe, hata ya kusukutulia. Maziwa mabichi, ya kibuyu na ya kwenye mtungi wa muuzaji, yasimamishwe hadi kemo iishe, vivyo hivyo damu mbichi na nyama isiyoiva vizuri. Hii ni ngumu kwa wazee wetu, ambao maziwa kwao ndiyo chakula chenyewe. Basi yachemsheni, yapoe, ayanywe kwa wingi, kwa sababu protini anaihitaji. Mayai yaive kabisa. Kichefuchefu kikizidi, mpe kidogo kidogo kila saa mbili: uji wa wimbi, ndengu, viazi, tangawizi kwenye chai iliyopoa. Mdomo ukiota vidonda, asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, na pilipili ipumzike. Jioni upepo ukipuliza vumbi la nyanda za Kapiti, fungeni madirisha.

Sasa supu. Mgonjwa wa Kajiado ataletewa supu ya mizizi na magome, olkiloriti na mengineyo, kwa upendo mtupu. Sitaki kuzozana na mapishi ya wahenga. Lakini ini na figo ndizo zinazoitoa dawa ya kemo mwilini, na hakuna anayejua gome lililochemshwa usiku kucha litafanya nini likikutana nayo. Mwambie daktari kila kinachonywewa. Anayesema mtungi wake wa shilingi 15,000 unaponya saratani zote mwambieni aende zake.

Maumivu

Hapa ndipo tunapowatesa wagonjwa wetu bila kujua. Mtu anasaga meno usiku kucha, familia inasema ni ugonjwa, tufanyeje. Maumivu ya saratani yana dawa. Huanza na vidonge vya kawaida na kupanda hadi morfini ya maji, inayonywewa kwa vipimo kila saa nne, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Haimfanyi mgonjwa kuwa mteja wa dawa za kulevya inapotumiwa kwa maelekezo ya daktari, wala si dalili kwamba familia imekata tamaa. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Mfundisheni mgonjwa kuyapima maumivu kwa vidole vya mikono: kumi ni yasiyovumilika. Andika namba hizo kwenye daftari. Daktari akiona saba, nane, nane, tisa, ataelewa zaidi kuliko kwa maelezo marefu.

Ulizia huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa maumivu, mapema, mgonjwa angali anatembea. Nairobi Hospice, iliyoanza 1990, iko kwenye eneo la Hospitali ya Kenyatta, na hospitali nyingi za kaunti zina muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa mazungumzo na ushauri, shirika la Faraja mjini Nairobi huwapokea wagonjwa na jamaa zao bila malipo. Mgonjwa asiyelala, asiyekula, aliyeacha kusema na watu, anaweza kuwa na huzuni inayotibika. Msiiite uchovu.

Pesa na shamba

Msiuze shamba wiki ya kwanza. Nasisitiza kwa sababu madalali wa Kitengela hunusa msiba kutoka mbali, na ploti inayouzwa kwa haraka huuzwa nusu ya bei. Subirini patholojia, subirini mpango wa tiba, jueni SHA italipa nini, ndipo mhesabu pengo. Harambee iwe na mweka hazina asiyekuwa mshika faili. Ukishika pesa na karatasi pamoja, siku moja shemeji atauliza.

Kwa wale wa viwanda vya EPZ Athi River: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, kila mwaka, akiwa na barua ya daktari. Ni chache mno kwa saratani. Mikataba ya chama cha wafanyakazi mara nyingi huongeza, kwa hiyo mwoneni mwakilishi wa chama kabla mgonjwa hajaanza kukosa zamu.

Wewe mwenyewe

Chagueni mshika faili wa pili, hata awe binti wa kidato cha tatu, ajue daftari limeandikwaje. Lala siku moja kwa wiki nje ya chumba cha mgonjwa.

Jambo la mwisho. Hospitali unaijua sasa, wauguzi wanakuita kwa jina, lakini wewe hujapimwa. Mwanamke wa miaka 25 hadi 49 hukaguliwa mlango wa kizazi kwa siki au kwa kipimo cha virusi vya HPV, na kidonda kinachoonekana mapema huweza kutibiwa kabla hakijawa saratani. Binti aliyefika miaka 10 ana chanjo ya HPV inayotolewa na serikali tangu 2019. Kliniki ijayo, mgonjwa akiwa kwenye foleni ya damu, mwachie mtu faili kwa nusu saa uende ukaulize chumba cha ukaguzi huo kiko wapi.